Mpanga Nyimbo wa Buseresere

Yule bwana anayeingizia watu nyimbo kwenye simu, kwenye kibanda chake pale Buseresere, ana vidole vyembamba kama hajawahi kushika jembe. Kompyuta yake haina hata picha, ni kioo cheusi na maneno meupe. Anaandika neno, anabonyeza, anajipulizia vidole kama kagusa uji wa moto, na nyimbo elfu zinajipanga zenyewe, kila moja kwa mwimbaji wake. Ukimsemesha hageuki. "Ngoja mama, inapanga." Kila siku inapanga.

Juzi Mama Zamoyoni alimpelekea memori kadi tupu. Alitaka wimbo mmoja tu, ule mwanawe aliourekodi kwenye kibanda hichohicho kabla duara, shimo la dhahabu, halijamfukia kule machimboni. Sauti nyingine ya mwanawe hana. Yule bwana akaandika, akabonyeza, akajipulizia vidole. Akaandika tena.

"Wimbo uliitwaje?"

"Hakuupa jina. Si wewe ndiye uliyemrekodi?"

"Mama, wiki iliyopita niliiambia kompyuta ifute nyimbo zote zisizo na jina. Zilikuwa zinachafua mpangilio."

"Kwa hiyo mwanangu uchafu?"

Yule bwana akazima feni, akasema, "Hebu imba kidogo, huenda upo mahali." Mjinga yule, wimbo uliofutwa unarudi kwa kuimbiwa? Lakini mama wa watu akaimba, angefanya nini. Akamaliza ubeti wa kwanza, akaanza wa pili, akakwama. Yule bwana bado kaweka vidole juu ya vitufe, anasubiri.