Kichwa cha Kiazi Kikuu

Kiazi kikuu ninachokimenya sasa kinanukia udongo, kama mikono ya mama. Chetu alikitoa porini, bondeni kule Heru Juu, akakipanda nyuma ya jiko. Kila tulipochimba tulikula kiazi, kichwa chenye shina tukakirudisha shimoni na majivu kidogo. Msimu wa njaa, mdogo wangu alikililia hata hicho kichwa.

“Mama, nacho tukipike!”

“Mwanangu, hicho ndicho cha mwakani,” mama alisema, akakifukia huku machozi yakimtoka.

Mvua ziliponyesha kikachipua. Mdogo wangu ndiye aliyekichomekea kijiti cha kutambalia.

Hapa Kasulu mjini nimepanga chumba, ua wote ni saruji. Kichwa nimekikata, nimekiweka dirishani.