Chanuo la Mzee Milango

Walimwita Mzee Milango, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kupaka milango ya mbao hafifu mpaka ionekane ya mbao ngumu. Hupaka rangi nyepesi, ikakauka. Hupaka ya kahawia juu yake, na kabla haijashika, hushusha chanuo toka juu mpaka chini. Meno yakipita, nyuzi za mti huonekana. Ujuzi wenyewe ndio huo.

Nyumbani kwake chanuo halikuwa la nywele tu. Mkewe alichambulia la kwake nyuzi za kufumia zilizosokotana. Watoto walilizungushia karatasi wakapuliza kama zumari. Yeye mwenyewe alijikunia mgongo, akagombezwa.

Lakini mlango wa nyumba yake ulibaki mbao tupu. Mganga hajigangi. Kila mwaka mkewe alisema ya fundi ndiyo nyumba ya aibu, naye kila mwaka alijibu kesho. Kesho zikaenda, na mama watoto naye akaenda.

Msiba ulipokwisha na watoto kurudi makwao, aliufungua mlango bawabani, akaulaza juu ya vigoda viwili. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amekuja kumfulia. Rangi ya kahawia imeshapakwa mlango mzima, nusu imechanwa, chanuo la kazi likamvunjikia mkononi.

Rangi haimsubiri mtu. Kwenda dukani na kurudi, itakuwa imeshika. Shemeji akaingia ndani, akatoka na chanuo la marehemu. Lilikuwa dirishani tangu siku ile, lina nywele zake mbili tatu na harufu ya mafuta yake. Mzee alilinusa kila asubuhi. Hakuna aliyejua.

"Hilo hapana," akasema.

"Basi nikuletee uma wa jikoni, shemeji? Au utauchana kwa meno yako hayo mawili yaliyobaki?"

Hakucheka. Shemeji akamnyooshea chanuo.

Mng'ao wa rangi ulianza kufifia pembeni. Mzee alijua kwamba chanuo likiingia rangi litaoshwa kwa mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayabakizi harufu ya mtu. Akazitoa nywele, mmoja mmoja, akazitia mfuko wa shati. Kisha akalishusha.

Meno yake yalikuwa ya karibu karibu kuliko ya lile la kazi. Nusu ya pili ikatoka laini zaidi.

Jirani mmoja alipita, akauliza mbao ile kaipata wapi. Mzee akajibu ni rangi tu.

Shemeji akauzunguka mlango, mikono ina povu. "Dada angeuona, angesemaje?"

"Angesema nimechelewa."

Shemeji alianika nguo, akaaga, akamwambia amwite ukikauka. Mzee akaitikia. Kuurudisha mlango kwataka watu wawili, mmoja ashike, mmoja akaze skrubu. Miaka yote ya kazi aliyeshika alikuwa mkewe. Akaketi kizingitini, nyumba wazi nyuma yake, akaungoja ukauke.