Maganda Thelathini na Moja

Nilimfahamu mzee kwa sababu ya tusi. Nilikuwa mgeni katika klabu ya kulenga shabaha niliyojiunga nayo nikiwa chuo kikuu hapa London, na hatua tatu kutoka nilipolala kifudifudi na bunduki yangu, Mhindi mmoja mwenye mvi alikuwa akipambana na ganda la risasi lililonasa kwenye chemba ya bunduki yake. "Toka, mshenzi wewe," aliliambia kwa Kiswahili. Nikamgeukia nikasema, "Shikamoo." Aliniangalia kama mtu aliyefumaniwa. Kisha akacheka, akaitikia marahaba, akaniuliza kwetu ni wapi. Yeye ni mzaliwa wa Tanga. Mimi ni wa Thamesmead, hapahapa London, mtoto wa Watanzania, jibu ambalo halikumridhisha hata kidogo.

Baada ya mwezi nikawa mgeni wa kila Jumamosi kwenye gereji yake Tooting. Bunduki aliyoipenda ilikuwa ya saizi ya zamani ambayo viwanda vimeacha kuitengenezea risasi, kwa hiyo alijitengenezea mwenyewe. Ganda la shaba likishafyatuliwa hakulitupa. Alilipitisha kwenye kalibu ya chuma ili lirudi umbo lake, akalitia kitakoni fataki mpya ya kuwashia baruti, akapima baruti, akapachika kichwa kipya cha risasi shingoni. Vyote hivyo vilinunulika, isipokuwa maganda. Yalikuwa yamebaki thelathini na moja.

"Yakiisha haya, bunduki naikabidhi polisi," alisema, "halafu nabaki kutazama televisheni na huyu." Alimwonyesha mkewe, aliyekuwa ametuletea chai.

"Hata mimi nayaombea maisha marefu," mama akajibu.

Maganda yalikuwa yakifa kwa kupasuka shingo. Mzee aliamini ni uzee tu. Mimi nimesomea uhandisi wa metali na siamini katika uzee, naamini katika sababu. Shaba ikibanwa na kutanuliwa mara nyingi hukakamaa, na iliyokakamaa hupasuka. Moto kidogo hurudisha ulaini wake, mradi uishie shingoni, maana kitako kikilainika hakiwezi kuhimili nguvu ya baruti. Nilimweleza haya, akasema naongea kama kitabu. Nikamwonyesha. Tulizungusha kila ganda juu ya mwali mdogo kwa sekunde chache, kitako kikiwa kimezama kwenye tundu la kipande cha chuma kilichonyonya joto.

Mwaka mzima haikupasuka shingo hata moja. Mzee alianza kuniita Injinia, na wala sikumkataza. Klabuni wapo waliosema ganda likishafyatuliwa mara tano litupwe. Niliwauliza nani alihesabu, na kwa nini tano. Wakarudia tu kwamba ni tano, nami nikalichukulia hilo kuwa ushindi.

Wiki tatu kabla ya mashindano ya bunduki za zamani, ambayo mzee hakuwahi kuyakosa, nilikuwa nikiyafuta maganda nikaona kwenye moja, juu kidogo ya kitako, mduara mwembamba uliong'aa. Nikaligeuza kwenye taa, kisha nikachukua la pili. Nalo lilikuwa nao.

"Mzee, naomba nikate moja."

"Ukate nini?"

"Ganda. Kwa msumeno, toka juu hadi chini. Nataka kuona ndani."

Aliweka kikombe chini. "Mwaka mzima unayaponya, leo unataka kuua?"

"Huu mduara siuelewi."

"Wewe msichana unauliza kama polisi. Shingo nzima, fataki inakaa sawa, nini tena?"

"Kama shaba imelika hapa, ganda litakatika ukifyatua. Gesi ya moto itarudi nyuma, kwenye uso wako."

Mama alikuwa mlangoni. "Mpe akate," alisema. "Uso wenyewe ndio huo mmoja."

Nililifunga ganda kwenye jiliwa, nikalikata. Mzee alisimama amenipa mgongo. Nilipolisafisha kwa tupa aligeuka, tukaona wote wawili: ukuta wa shaba ulikuwa mnene kama kawaida, isipokuwa pale penye mduara. Pale kulikuwa na mfereji, na ukuta uliobaki ulikuwa mwembamba kama ukucha.

Nilielewa kabla sijaulizwa. Zamani shingo zilipasuka mapema, maganda yakatupwa kabla kitako hakijachoka. Mimi niliziponya shingo, yakaishi muda wa kutosha kuharibika mahali tusipopaona. Wale wa klabuni hawakujua kwa nini walihesabu tano, lakini hesabu yao ilikuwa ikimlinda mtu, na mimi ndiye niliyeifuta. Nilimwambia mzee hivyohivyo. Hakunilaumu, akasema tu, "Haya, tuyapime."

Tulipinda ncha ya waya mwembamba, tukawa tunauingiza ndani ya kila ganda na kuuvuta juu taratibu. Penye mfereji, ncha ilikwama. Mzee aliupitisha kwa mkono wake mwenyewe, na kila ulipokwama aliliponda ganda kwa koleo ili lisije likarudi kundini kwa bahati mbaya. Yalibaki kumi na moja.

Swali lililobaki lilikuwa kwa nini yalivutika. Nikamwomba anionyeshe anavyofunga kalibu kwenye mtambo wake wa kubania maganda. Aliizungusha chini mpaka ikagota.

"Nani alikufundisha kuigotesha?"

"Karatasi iliyokuja nayo."

"Karatasi iliwahi kuiona bunduki yako?"

Chemba ya bunduki yake ilikuwa ndefu kidogo kuliko kawaida. Kila mara kalibu ilisukuma bega la ganda, pale linapoanza kupungua kuelekea shingoni, nyuma kupita kiasi, na kila mara baruti ililivuta tena mbele. Kwa kuvutika hivyo, shaba ikalika karibu na kitako. Tulilipaka bega masizi ya mshumaa ili tuone kalibu inapogusa, tukainua kalibu kidogo kidogo, mpaka ikawa inaligusa tu.

Mashindano yanataka risasi kumi za kuhesabiwa, na yanaruhusu mbili za kupimia shabaha kwanza, zisizohesabiwa. Mzee alikuwa na moja ya kupimia. Siku ilipofika nililala pembeni yake nikiokota kila ganda lililotoka, na sioni aibu kusema kwamba kila alipofyatua niliangalia uso wake, wala si shabaha. Alimaliza wa nne, na kabla hajauliza matokeo alikuwa ameshachukua waya. Aliyapitia yote kumi na moja pale pale kwenye nyasi. Waya haukukwama hata mara moja.

Mama ndiye aliyetuendesha kurudi, maana macho ya mzee hayaaminiki tena barabarani. "Yatafika mwakani?" mzee aliniuliza.

"Sijui. Tutayapima kila tukifyatua."

"Jibu gani hilo, Injinia?"

"Ndilo nililo nalo."

Tuliposimama kwenye taa za kuongozea magari, akasema jibu hilo litamtosha.

"Kwa hiyo mwakani naendesha tena," mama akasema, akaingiza gia.