Sabuni Yangu ya Nepi Imo Kwenye Gari la Mume Wangu

Wapendwa wa ukurasa huu, jina langu lisitoke, maana huku Mjimwema gazeti moja husomwa na nyumba kumi. Nina miaka ishirini na minne, elimu yangu darasa la saba, na watoto wawili. Mdogo ana miezi mitano, bado ananyonya.

Mume wangu alipunguzwa kazi shirika lao lilipouzwa. Kwa kiinua mgongo akanunua pikapu kuukuu ya kubebea mahindi. Tulifurahi, sikatai. Lakini mwezi haukuisha ikaanza kukohoa. Ikipanda kuelekea Matogoro inakatakata kama mtu mwenye kwikwi, halafu inazima. Ikilala uani, asubuhi chini pamelowa petroli, na harufu inaingia mpaka chumbani kwa mtoto.

Fundi wetu ni shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Baba yao alipofariki, ndiye aliyemlea mume wangu, ndiye aliyekuja kwetu kuniposa. Kupeleka gari kwa fundi mwingine ni kumvua nguo. Kila wiki anafungua kabureta, anasugua plagi, anasema, "Inamisi tu hii, moto wa plagi unarukaruka." Kuvuja kwa petroli yeye anaona ni jambo dogo. Analala chini ya gari, sigara mdomoni, anapaka sabuni ya mche kwenye mpira wa petroli unaotoka kwenye tangi, anaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Sabuni yenyewe ni yangu ya kufulia nepi.

Mimi sabuni naijua. Petroli haiiyeyushi, maji ndiyo yanaiyeyusha, na masika haya kila dimbwi linaiosha. Nikaanza kuangalia. Sabuni ikiwa mpya, gari halivuji wala halikohoi. Ikitoka, yote mawili yanarudi siku ileile. Basi ugonjwa ni mmoja: mpira umepasuka. Gari likisimama unatoa petroli, likitembea unavuta hewa.

Nikasema kwa adabu, "Shemeji, si tubadilishe ule mpira tu?"

Akacheka. "Haya jamani, tumepata fundi! Shemeji, uji wenyewe unakuungulia, injini utaiweza?" Mume wangu naye akacheka. Nikarudi jikoni.

Hapo ndipo nilipokosea. Kesho yake walipotoka kwa miguu, gari likabaki uani, nilichukua kopo la maji nikaiosha sabuni yote, ili mume wangu auone mpasuko kwa macho yake. Akaniambia, "Mama watoto, sabuni yako hafifu, tafuta nyingine." Shemeji akapaka upya, nikaiosha tena. Mara hii shemeji aliinuka taratibu kutoka chini ya gari. "Gari halijatoka tangu juzi, na mvua haijanyesha. Hapa kuna mkono wa mtu."

Tangu siku hiyo hawamsalimii mama jirani, mjane asiye na neno na mtu, eti mkono huo ni wake, haoni raha sisi kuwa na gari.

Na Pasaka ikipita tunakwenda Tunduru, mama mkwe amwone mjukuu wake. Shemeji ataendesha na sigara yake, mimi katikati na mtoto kifuani. Nilisema nitapanda basi. Mume wangu akajibu, "Gari liko uani, mke wangu apande basi? Mama atajua umetukataa."

Mwanangu simpandishi kwenye gari lile, hilo nimeshaamua. Lakini nikieleza sababu, wataniuliza nani aliyeiosha sabuni. Nikisema ni mimi, ninakuwa adui ndani ya nyumba yangu. Nikinyamaza, mpira haubadilishwi, na yule mama anaendelea kubeba kosa langu. Jana alinishikia mtoto nikiwa nafua. Akaniuliza, "Mwanangu, nimewakosea nini?"

Niliinamia beseni, nikaendelea kufua.

Mkono wanaoutafuta ndio huu unaowaandikia. Ndugu wasomaji, niambieni, nianze kusema kwa nani?