Bisibisi Inaponyamaza

Fundi Spika ametengeneza spika tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kwa miaka mingi chumba chake cha kazi ndicho kilichoamua nani aitwe mwanarap katika mji huu. Sitanii. Wakati ule miji mingine ilingoja sisi tuseme, ndipo nayo iige.

Utaratibu ulikuwa mmoja. Jumamosi alasiri kijana alisimama katikati ya chumba, bila maikrofoni, bila muziki. Fundi aligonga mdundo kwa mpini wa bisibisi juu ya kasha la spika iliyokufa. Mistari ikiwa na uzito, aliendelea. Ikipwaya, bisibisi ilinyamaza, na kijana akatoka. Hakuna aliyezomea, kimya kilitosha. Kiberiti, aliyekuja kuutikisa mji mzima, alinyamaziwa mara tatu kabla hajaiva.

Leo Kiberiti anauza vigae, na vijana hawaji. Simu inawapa mdundo, inawanyooshea sauti, nasikia hata maneno inawatungia. Mtu anaimba jina lake na viatu vyake, kesho anajiita mfalme. Mfalme wa nani? Debe tupu haliachi kuvuma.

Binti wa Fundi ni mshonaji. Alikuwa akishonea barazani kwa mama mkwe wake, mvua ikija anakimbilia kufunika vitambaa kwa turubai. Jumamosi moja akatukuta mimi na Kiberiti tumekaa na baba yake, akaomba apewe chumba kile.

"Baba, hizo spika zitatosha kwenye kibanda cha uani. Jumamosi zenu siku hizi ni wazee mnakohoa tu."

"Tunakohoa kwa vina," akasema Kiberiti.

"Baba mdogo, wewe nenda kauze vigae."

Fundi akacheka, kisha akatoa ahadi mbele yetu. Jumamosi inayofuata akitokea kijana mpya, hata mmoja, akafika mwisho wa mistari yake, chumba kinabaki kama kilivyo. Asipopatikana, kiingie cherehani.

Tulitafuta kama watu waliopoteza mbuzi. Kiberiti aliwauliza wateja wake. Mimi nilisimama nje ya chuo cha ufundi nikachekwa. Siku ikafika, na kweli akaja mmoja, kinyozi wa mtaa wa pili, nadhifu, simu mkononi.

"Shikamooni, wazee. Niweke biti?"

"Hapa biti ni huyu," Kiberiti akamwonyesha Fundi.

Alianza vizuri, nisimdhulumu. Halafu akaingia kuisifu saa yake, akazunguka hapo hapo kama nzi kwenye glasi. Nikamtazama Fundi. Chumba chake chote kilikuwa katika ule mkono. Angegonga tu hadi mwisho, nani angemlaumu?

Bisibisi ikanyamaza.

Kinyozi akangoja kidogo. "Imeharibika?" akauliza. Akatutazama mmoja mmoja. "Haya, wazee wangu, kazi njema." Akatoka huku akibonyeza simu.

"Ungegonga tu, ndugu yangu!" Kiberiti alifoka.

"Mkono umekataa."

Nilijua yule harudi. Zamani walirudi, nasi tukajisifu kwamba kimya chetu kinafunza. Nimelifikiria sana jambo hili, na silipendi: huenda hatukumfunza mtu. Huenda tulikuwa mlango pekee, basi.

Jioni ile binti akaja na tepu yake ya kupimia. Hakutamba. Alipima ukuta wa dirishani, akasogea hadi penye kasha la spika.

"Mimi pia ulininyamazia," akasema bila kugeuka. "Mstari wa tatu. Nilikuwa na mistari kumi na sita."

Fundi alikaa na bisibisi yake mapajani. Sijui kama alikuwa akikumbuka au akitafuta.

"Wa nne ulikuwaje?"

"Nimeusahau, baba. Hebu nishikie ncha hii."

Akaiweka bisibisi chini, akashika.