Uji wa Mama Shabani

Nilipokuwa mtoto kwetu Gatete, hakuna aliyekohoa damu hivi hivi. Lazima awepo mtu aliyemlisha kitu, na ukoo ulimtafuta huyo mtu kwa bidii kuliko ulivyomtafutia mgonjwa dawa.

Mama alianza na kikohozi kikavu. Tukasema ni moshi wa jikoni, kisha tukasema ni baridi ya ziwa, maana alikuwa akishuka ufukweni alfajiri kununua ndagala, dagaa wa kwetu, wa kuanika. Akakonda. Usiku alitokwa na jasho mpaka shuka likalowa. Siku alipotema damu kwenye majivu ya jikoni, shangazi yangu, dada yake baba, aliinama akayatazama yale majivu, akauliza jambo moja tu.

"Ulikula kwa nani?"

Mama alikuwa amekula kwa Mama Shabani. Angekula kwa nani mwingine? Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mkamuaji wa mawese, Mwislamu, na sisi Wakatoliki, na hilo halikuwahi kuwa shida. Wali wao wa Idi ulifika kwetu ukiwa bado wa moto.

"Basi ni yeye," shangazi akasema. "Mutu hatemi damu bure. Iko kitu aliwekewa."

Mama alikataa, lakini nani humsikiliza mgonjwa? Akaletwa mganga, akamnywesha majani ya kutapisha sumu. Mama alitapika hadi akashindwa kusimama. Damu ilipozidi, mganga alifurahi, akasema sumu ndiyo hiyo inatoka. Dirisha likafungwa pia, kwa sababu kwetu mwenye kikohozi hapaswi kupigwa na upepo.

Mama Shabani alisikia yote. Mwingine angenuna akajifungia kwake. Yeye alikuja mchana kweupe na kikombe cha uji, akampita shangazi mlangoni, akaketi kitandani kwa mama. Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ujue hakina kitu. Akanywa funda kubwa, akangoja sote tumwone amemeza.

"Kunywa, dada," akamwambia mama. "Kama iko sumu humu, tutakufa wote."

Shangazi akamwacha mama anywe, maana desturi ilikuwa upande wa Mama Shabani. Kesho yake akaja tena, na ikawa hivyo kwa miezi. Alimshika mama akikohoa, akamfuta mdomo, akakaa naye mle ndani hadi jua lilipozama. Nadhani alikawia makusudi. Mtu anayeshukiwa hawezi kuaga mapema.

Mwishowe baba alichoka na waganga, akampakia mama kwenye pikipiki, wakaenda hospitali Rumonge. Makohozi yalipopimwa, ikaonekana ni kifua kikuu. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miezi sita. Damu ikakatika, mama akaanza kula, kisha akaanza kugombana na shangazi, na hapo tukajua amepona.

Ndipo Mama Shabani alipoanza kukohoa.

Alijificha. Alitemea kwenye kitambaa na kukifua mwenyewe, kwa kuwa alijua watu watasema nini. Siku damu ilipomtoka sokoni, mbele ya wateja wake, walisema hilo hilo.

"Sumu imemurudilia mwenyewe," shangazi alituambia jioni ile, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi.

Mama alikwenda kumsihi. "Twende hospitali, Mama Shabani. Mimi nilipona."

"Nikilala kule watasema nimekubali kwamba sumu imenirudilia," akajibu.

Alipokubali kwenda, alikuwa anabebwa. Hakurudi. Waliokwenda kumzika walikuwa wachache, na mama alilia mpaka sauti ikamkauka.

Leo najua ugonjwa ule husafiri kwa pumzi. Uji haukumdhuru Mama Shabani. Kilichomdhuru ni kile chumba cha dirisha lililofungwa, na maneno yetu yaliyomlazimu kukaa humo akithibitisha kwamba si mchawi. Naweza kuyaeleza haya vizuri sasa, na nimeyaeleza mara nyingi, Gatete na kwingineko. Mwezi uliopita nilipigiwa simu kwamba binamu yangu anakohoa damu. Nikasema mpelekeni akapimwe makohozi, huenda ni kifua kikuu, huenda ni kitu kingine mapafuni, daktari ndiye atajua. Wakasema sawa, watampeleka, ila kwanza wanataka kujua alikunywa pombe kwa nani.

Mama bado yuko hai. Akiulizwa alivyopona, husema ni vidonge. Watu huitikia, halafu huongeza kwamba, na yule mchawi wake naye si alikufa. Zamani alikuwa akiwajibu kwa ukali. Siku hizi hunyamaza tu, na mimi pia nimechoka. Uchovu huo ndio unaoniuma, kwa maana tukinyamaza sisi wawili, hakuna mwingine aliyebaki wa kusema kwamba yule mwanamke alimuuguza mama yangu, na kwamba hicho ndicho kilichomuua.