Tovuti ya Fundi Milango

Git, ile programu inayotunza kila badiliko la kazi yako, nilijifunza nikikaa eda. Wanawake waliokuja kunipa pole walinikuta na kompyuta mapajani, na najua walivyonisema walipotoka. Sikujali. Mjane hukaa ndani, nami nilikaa ndani. Hakuna aliyesema akae akitazama dari.

Marehemu mume wangu alikuwa mchongaji wa milango. Alikuwa akiitengenezea kazi yake tovuti, akijifunza mwenyewe, akaiacha nusu. Nilitaka kuimaliza, milango yake isije ikabaki kukumbukwa na wenye nyumba tu.

Mdogo wangu, anayesoma Nairobi, alinifundisha kwa simu: kuishusha kazi kutoka mtandaoni, kuhifadhi nilichobadilisha, kuirudisha juu. Zile zana za kujengea kurasa zilinitia hasira. Ukurasa wa picha za milango tu, nao wadai ushushe vifurushi vya programu chungu nzima, bando likateketea kabla sijaona hata rangi. Lakini nikazizoea. Pale palipoandikwa saa za karakana, niliandika kwamba kazi sasa inaendeshwa na ndugu yake.

Siku moja mavyaa, mama yake marehemu, akaniletea kompyuta ya mwanawe kutoka karakana, ingali na vumbi la mbao kwenye vibonye. Ndani mlikuwa na kazi ambayo hakuwahi kuituma. Nilipoiunganisha na yangu, programu ikagoma. Ikaniwekea mistari miwili, wake juu, wangu chini, ikitaka niamue. Wake ulisema: "Nipo karakana kila siku baada ya alasiri. Karibuni."

"Dada, ukurasa hauwezi kusema zote mbili," mdogo wangu alisema kwenye simu. "Tunabakisha gani?"

Mavyaa akauliza ninalilia nini. Nikamsomea. Akaniomba nimsomee tena.

"Mwanangu, yawate maneno yake yabaki," akasema.

Nilimkasirikia, kisha nikamwonea huruma, kisha nikajionea mwenyewe. Lakini mtu angeweza kufunga safari kutoka Siyu, afike baada ya alasiri, amuulizie. Nikaufuta mstari wake. Mdogo wangu akawahi kuniambia kwamba haujapotea, umo kwenye historia, nitausoma nikitaka. Alinitakia mema. Mimi sikutaka kuusoma, nilitaka uwe kweli.

Programu ikaomba maelezo mafupi ya nilichobadilisha na kwa nini. Msiba ulitangazwa msikitini, na nduguze wakawapigia simu jamaa wa mbali. Waliokuja kwangu wote walikuja wakijua, kwa hiyo mimi sikuwahi kumwambia mtu. Mavyaa alikuwa bado ameketi kando yangu, akitazama vidole vyangu.

Nikaandika: "Mume wangu amefariki." Nikahifadhi.